Sura ya 6: Siku ya Tatu

Siku ya kwanza baada ya kupunguzwa matiti, wanawake wengi hujisikia vizuri kuliko walivyotarajia. Dawa ya nusu kaputi haijawatoka sawasawa, sindano ya maumivu bado inafanya kazi, na jamaa wamefika wodini na chupa za chai. Siku ya pili uzito unaanza kurudi. Siku ya tatu mgonjwa anafungua sidiria mbele ya kioo na kushtuka. Matiti aliyoyapunguza yamejaa mpaka kwapani. Yamepanda juu kifuani, yamekaa kimraba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na la kulia limelizidi la kushoto. Anampigia daktari simu: "Mbona yanakua?"

Yanakua kweli. Uvimbe wa upasuaji hupanda kwa siku mbili hadi tatu, hutulia hapo kidogo, ndipo huanza kushuka. Aliyeambiwa hivyo kabla ya kulazwa huvumilia. Ambaye hakuambiwa huanza kutafuta dawa, na dawa nyingi zilizo karibu naye ndizo zinazomrudisha nyuma.

Turudi kidogo kwenye meza ya upasuaji. Daktari amekata ngozi kuizunguka chuchu, akashuka wima hadi chini, na mara nyingi akakata pia kwenye mkunjo wa chini, mshono ukabaki na umbo la nanga. Mchoro huo unatokana na kazi ya Mmarekani Robert Wise, aliyeuchapisha mwaka 1956 baada ya kuangalia jinsi kitambaa cha sidiria kinavyokatwa. Ndani, mafuta na tezi zimeondolewa, na kutoa nusu kilo kila upande si jambo la ajabu. Chuchu imehamishiwa juu ikiwa bado imeshikamana na kipande cha nyama kinachoipelekea damu. Katika kazi hiyo yote mishipa midogo isiyohesabika imekatwa. Mwili hujibu kwa kulegeza kuta za mishipa iliyobaki, ili maji, protini na chembe nyeupe za damu zivuje kwenda kwenye jeraha. Siku za kawaida maji hayo hurudishwa na mishipa ya limfu, lakini nayo imekatwa. Kwa hiyo maji yanaingia haraka na kutoka polepole.

Ukishalielewa hilo, mengi yanayotisha yanapata maelezo. Jioni matiti ni mazito kuliko asubuhi kwa sababu mchana ulikuwa wima na ulitumia mikono. Upande wa mkono unaoutumia zaidi huweza kuvimba zaidi. Siku chache kabla ya hedhi uvimbe uliokwisha kupungua unaongezeka tena. Vidonge vya kukojoza, ambavyo baadhi ya watu huviazima kwa jirani mwenye presha, hutoa maji ya mwili mzima na kumwachia mgonjwa kizunguzungu huku titi likibaki vilevile. Mishipa ya limfu huchukua wiki kadhaa kujipanga upya, na hakuna kidonge cha kuiharakisha.

Damu iliyovilia chini ya ngozi ina safari yake. Kwanza hufuata mvuto wa dunia, kwa hiyo weusi unaoanzia kwenye mshono huteremka kwenye mbavu na ubavuni, wakati mwingine hadi karibu na kiuno. Mgonjwa akiuona huko hudhani damu inavuja upya, kumbe ni ileile imeshuka. Pili, hubadilika rangi kadiri mwili unavyoivunja: hemoglobini hugeuka kuwa kijani, kijani kuwa njano, na mwisho hubaki kahawia ya madini ya chuma. Yote hayo huchukua kama wiki mbili hadi tatu. Kwenye ngozi nyeusi, hata hivyo, kijani na njano huonekana kwa shida. Utakachoona ni zambarau nzito au weusi uliozidi weusi wako, na baada ya hapo kivuli kinachoweza kukaa miezi. Picha nyingi za vitabuni zilipigwa kwa wagonjwa weupe, na mwanamke wa Tanga akijilinganisha nazo atachanganyikiwa bure. Jilinganishe na titi lako la pili. Simama karibu na dirisha mchana, maana taa ya bafuni inadanganya. Kisha tumia mgongo wa kiganja kupima joto upande huu na upande ule. Mkono utakwambia mengi ambayo jicho halikuyaona.

Sasa tuje kwenye sufuria ya maji ya moto.

Pwani, na sehemu nyingi za bara pia, mwanamke aliyetoka hospitali hukandwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini iishe, tumbo likafungwa mkaja, na desturi hiyo huhamishiwa kwa mgonjwa yeyote wa kike bila maswali mengi. Shangazi anafika alfajiri, na maji yako jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, vua hiyo sidiria. Damu chafu haitoki yenyewe."

"Daktari amekataza kukanda, shangazi."

"Daktari wako amezaa wangapi?"

Kubishana na shangazi si adabu, na kusema "daktari amekataza" peke yake hakutamshinda. Anahitaji kupewa sababu, na sababu zipo. Joto hupanua mishipa, na mishipa iliyopanuka huvuja zaidi: ukikanda siku ya tatu unaongeza kilekile unachotaka kukiondoa, na unaweza kufungua mshipa uliokuwa umeziba. Halafu ngozi ya titi lililopasuliwa ina ganzi. Neva zake zimekatwa au zimevutika, na zinaweza kukaa miezi kabla hazijarudi. Maji ambayo mkono wa shangazi unayaona ni ya uvuguvugu yanaweza kuiunguza ngozi isiyohisi, na mgonjwa asijue mpaka aone malengelenge. Tena chuchu inaishi kwa kipande kimoja cha nyama kilichokunjwa ndani. Kuchua na kuminya kunakibana kipande hicho na kuvuta mshono. Mwelezee shangazi hayo. Akielewa, ndiye atakayewazuia majirani mlangoni.

Kanga nayo isifungwe kifuani kama mkaja. Inabana isivyo sawa, inakata chini ya kwapa, na katikati inaacha pengo ambamo maji hukusanyika. Kazi hiyo ni ya sidiria ya baada ya upasuaji: ya pamba au kitambaa cha kuvutika, isiyo na waya, inayofungukia mbele, yenye mikanda mipana na mkanda mpana wa chini. Madaktari wengi hutaka ivaliwe usiku na mchana kwa wiki nne hadi sita, ikivuliwa wakati wa kuoga tu. Ipimwe kwa kidole: kidole kimoja kipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Ukivua ukakuta mfereji uliochimbika kwenye ngozi, inabana mno. Matiti yakicheza ukitembea, imelegea. Nunua mbili kabla ya kulazwa, kwa sababu jasho la Dar es Salaam la mwezi wa Januari halitasubiri moja ikauke. Unyevu uliojificha kwenye mkunjo wa chini hulainisha mshono mahali palepale palipo dhaifu zaidi, pale mshono wa wima unapokutana na wa ulalo. Hapo ndipo vidonda vidogo hufunguka mara nyingi, kwa kawaida baada ya wiki ya kwanza. Huhitaji usafi na uvumilivu, na sehemu kubwa ya vidonda hivyo hufunga bila kushonwa tena.

Kuhusu baridi, madaktari hawakubaliani, nami nawaelewa wanaokataa. Barafu hubana mishipa na kupunguza uvimbe na maumivu katika siku mbili tatu za mwanzo, lakini ganzi ileile inayofanya maji ya moto kuwa hatari hufanya hata barafu iunguze. Daktari wako akiruhusu, chukua barafu ya mfuko, izungushie taulo kavu, weka ubavuni na karibu na kwapa kwa dakika kama kumi, kisha ondoa. Usiiweke kwenye chuchu kamwe. Barafu ikigusa ngozi moja kwa moja, umeshakosea.

Kinachoshusha uvimbe kuliko barafu ni jinsi unavyolala. Lala chali, kifua na kichwa vikiwa juu kwa mito mitatu au zaidi, mto mwingine chini ya magoti ili usiteleze. Fanya hivyo kwa wiki mbili za mwanzo, na ukiweza endelea. Kitanda cha juu kidogo ni bora kuliko godoro la sakafuni, kwa sababu ukiamka kutoka sakafuni lazima usukume kwa mikono, na misuli ya kifua ndiyo inayofanya kazi hiyo. Anayekusaidia kuinuka asikuvute mkono. Apitishe kiganja chake mgongoni kwako, kati ya mabega, asukume taratibu huku wewe ukishusha miguu kitandani. Anayeswali anaweza kuswali ameketi kwenye kiti wiki hizo. Dini imemruhusu mgonjwa, na kuinama hadi chini hupandisha shinikizo la damu kifuani.

Nikiulizwa tiba gani ni ngumu kuliko zote, nitataja kutonyanyua ndoo. Agizo la hospitali husema "usinyanyue zaidi ya kilo mbili au tatu, usipandishe mikono juu ya mabega", na mgonjwa anaitikia kwa kichwa. Anarudi kwenye nyumba ambamo ndoo ya maji ina lita 20, yaani kilo 20. Mtoto wa miaka miwili anataka mgongo. Kuna nguo za kufua kwa mkono, sakafu ya kudeki, nazi ya kukuna. Kusonga ugali wa watu sita ni mazoezi ya kifua kamili: mikono miwili, mwiko mzito, msukumo kutoka bega. Mwanamke hajioni kwamba anafanya kazi, kwa sababu hizo si kazi bali ni siku yake ya kawaida. Jioni titi limevimba, anashangaa, wakati alikuwa "amepumzika tu nyumbani".

Kwa hiyo mpango wa uvimbe hufanywa kabla ya upasuaji, tena hufanywa na watu wa nyumbani. Nani atachota maji? Nani atalala na mtoto? Sufuria nzito zishushwe kutoka rafu za juu mapema. Mume aliyetia sahihi ya kukubali upasuaji na asijue kusonga ugali ana muda wa kujifunza. Shangazi wa sufuria, akishaelewa, ndiye mtu bora kabisa wa kusimamia jiko hilo kwa wiki nne. Kama hakuna mtu, heri kuuahirisha upasuaji mpaka apatikane, na hili nalisema nikijua foleni za madaktari hawa zilivyo ndefu.

Kutembea ni jambo jingine. Tembea tangu siku ya kwanza, polepole, ndani ya nyumba na kibarazani. Miguu inayolala muda mrefu hugandisha damu, na donge la damu likitoka kwenye shavu la mguu kwenda mapafuni linaweza kuua. Anayesafiri kurudi mkoani asipande basi la safari ya saa kumi siku mbili baada ya kutoka wodini. Akae karibu na hospitali mpaka daktari amruhusu, na siku ya safari ashuke kutembea kila basi linaposimama. Bodaboda isubiri zaidi: mitikisiko yake na kushikilia kwa nguvu nyuma ya dereva ni mateso kwa mshono. Kwenye gari dogo weka kitambaa laini kati ya kifua na mkanda wa kiti, lakini mkanda ufungwe.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kuanzia: mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na ahesabu pia dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza uvimbe lakini pia hudhoofisha chembe zinazogandisha damu. Wapo madaktari wanaoziruhusu na wapo wanaozikataza siku za mwanzo, kwa hiyo muulize wako, wala usiulize dukani. Aspirini iachwe, isipokuwa kwa anayeitumia kwa ajili ya moyo, ambaye hatakiwi kuiacha wala kuiendeleza bila daktari wake kusema. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake bila kuruka hata siku moja: presha ikipaa katika saa za mwanzo, mshipa mdogo uliokuwa umefungwa huachia.

Vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, vitamini E na habasoda ya dozi kubwa vitajwe kwa daktari wiki kadhaa kabla. Tangawizi ya kwenye chai na kitunguu saumu cha kwenye mchuzi havina neno. Krimu za arnika na vidonge vya nanasi vinauzwa sana kwa madai ya kuondoa weusi wa damu iliyovilia, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Nanasi lenyewe kula, ni tunda zuri. Mwarobaini, manjano na mafuta ya nazi visipakwe juu ya mshono ambao haujafunga. Chakula kiwe cha kawaida chenye maharage, samaki, mayai, na chumvi kidogo.

Sigara na shisha nazitenga peke yake, pamoja na tumbaku ya kutafuna. Nikotini hubana mishipa midogo, na chuchu iliyohamishwa inategemea mishipa midogo tu. Wiki nne kabla na wiki nne baada bila nikotini ndicho kipimo ambacho madaktari wengi hutumia, na baadhi yao hukataa kabisa kumpasua anayevuta. Wana haki.

Wengine hurudi nyumbani na mirija ya kutoa maji, wengine hawana. Asiye nayo asidhani amepunjwa. Tafiti zimeonyesha kuwa katika upasuaji huu mirija haizuii damu kukusanyika, na madaktari wengi wameiacha. Mwenye nayo aandike kiasi kila siku na atazame rangi: nyekundu hugeuka waridi, kisha njano hafifu. Ikirudi kuwa nyekundu nzito, apige simu.

Sasa uvimbe usio wa kawaida. Alama yake kubwa ni kwamba una haraka na una upande. Matiti mawili yaliyojaa kwa kadiri, yakiuma lakini maumivu yakisikia dawa, hiyo ni siku ya tatu. Titi moja linalokua ndani ya saa chache, gumu, zito, ngozi imekaza, maumivu hayasikii dawa, weusi unatambaa ukiutazama: hilo ni bonge la damu. Mara nyingi hutokea katika saa 24 za kwanza, na wakati mwingine baadaye. Chora mstari wa kalamu kuuzunguka weusi na uandike saa. Weusi ukivuka mstari haraka, ondoka. Nenda hospitali usiku huohuo, hata kama ni saa nane, na usile wala kunywa njiani, kwa sababu huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji litolewe. Likiachwa, linaibana damu inayokwenda kwenye ngozi na chuchu. Aliyetolewa mapema kwa kawaida hupona vizuri kama wengine, kwa hiyo usione aibu kumwamsha daktari.

Chuchu yenyewe itazame kila unapobadilisha bandeji. Ikiwa ya baridi na imepauka, au imegeuka samawati au nyeusi tofauti na mwenzake, hiyo pia ni simu ya saa hiyohiyo. Maambukizi huchelewa zaidi, mara nyingi baada ya siku chache hadi wiki mbili: homa ya nyuzi 38 na kuendelea, joto la upande mmoja, harufu, usaha, maumivu yaliyokuwa yakipungua na sasa yanapanda. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Wekundu huo utachelewa kuonekana, au utaonekana kama kung'aa na zambarau tu. Titi linalochezacheza kama lina maji ndani, bila homa, huenda limekusanya majimaji ya mwili. Daktari huyavuta kwa sindano, na hakuna anayetakiwa kuyaminya. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla usisubiri kumpigia daktari wako: nenda kwenye chumba cha dharura kilicho karibu.

Baada ya wiki ya sita sehemu kubwa ya maji imekwisha kuondoka. Pembe za umbo lile la mraba zinalegea, matiti yanateremka mahali pake, na umbo huanza kueleweka kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Aliyepasuliwa kwa mshono wa wima bila ule wa chini ataona ngozi imejikunja chini ya titi, na mikunjo hiyo pia hujinyoosha kwa miezi. Vichomo vya ghafla kama umeme na muwasho usioeleweka ni neva zinazorudi. Usinunue sidiria za bei mbaya wiki ya tatu: kipimo cha siku hiyo ni kipimo cha maji. Kovu lina mambo yake, hasa kwa ngozi zetu zenye tabia ya kufanya makovu manene, nayo ndiyo sura inayofuata.

Uvimbe ukishakwisha, huenda vidole vikagusa donge dogo gumu ambalo halikuwepo, mara nyingi karibu na mshono, hata baada ya miezi mingi. Mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu wakati wa upasuaji, yakafa na kugeuka magumu, na hayana madhara. Lakini vidole haviwezi kuyatofautisha na saratani, viwe vyako au vya mganga. Nenda ukapimwe kwa altrasaundi au mamogramu, na kabla hujapigwa picha mwambie mpimaji kwamba matiti yalipunguzwa, mwaka gani na hospitali gani, kwa sababu makovu ya ndani hubadilisha picha. Ukiwa na majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa siku ile ya upasuaji, yachukue pia. Kama hukupewa, yaombe hospitali kabla faili halijapelekwa stoo.